Ngome za Pwani Yetu na Waliokuwa Ndani Yake

Hotuba kwa vijana waliomaliza mafunzo ya kuongoza wageni, iliyotolewa Mkunguni, Lamu, mbele ya wazazi, walimu na manahodha.

Assalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Wazee wetu, masharifu, walimu wenzangu, mama zangu mliokaa pale kivulini, manahodha mliokubali kuacha vyombo vyenu asubuhi hii, na nyinyi wanangu mliohitimu: hongereni, na Mungu awatie baraka katika kazi yenu.

Nimeombwa niseme machache juu ya kuzuru ngome na magofu ya pwani hii. Nina jambo moja tu moyoni na nitalizungukia kwa njia kadhaa. Ngome zetu tumezoea kuzisimulia kwa kumtaja yule aliyeamuru zijengwe. Tunasema Mreno, tunasema Mwomani, kisha Mwingereza, halafu tunataja mwaka. Mgeni anapiga picha ya mzinga, anapanda juu kutazama mandhari, anashuka kwenda kutafuta maji ya madafu. Waliokaa ndani ya kuta zile, waliozingirwa humo, waliofungwa humo na waliozijenga kwa mikono yao, hawatajwi kabisa. Na wengi wao walikuwa watu wa visiwa hivi: watu wa Faza, wa Siyu, wa Pate, na sisi Waamu, watu wa Lamu. Kuanzia leo nataka mgeni akitoka ngomeni pamoja nanyi awe amewasikia hao.

Tuanze na hii Ngome ya Lamu iliyo mbele yetu. Igeukieni muitazame.

Leo baina ya ngome na bahari kuna maduka, kuna nyumba, kuna barabara ya ufuoni yenye punda na mikokoteni. Ilipojengwa haikuwa hivyo. Maji yalikuwa karibu na ukuta wake, na chombo kilichoingia bandarini kilipita machoni pa mizinga. Ufuo ulisogezwa baadaye kwa kujazwa, nyumba zikajengwa mbele, ngome ikabaki katikati ya mji. Mwambieni mgeni hilo kabla hajavuka kizingiti, maana asipolijua hataelewa kwa nini ngome ya bahari imekaa sokoni.

Ujenzi ulianza kiasi cha mwaka 1813 na ukakamilika 1821. Sababu yake ni Vita vya Shela. Pate chini ya Wanabahani na Mombasa chini ya Wamazrui walishikamana ili wautie mji huu mkononi, wakateremsha jeshi Shela, kisiwani hapahapa. Waamu wakatoka kuwakabili na wakawashinda vibaya. Masimulizi ya wazee yanasema walioshindwa walikimbilia majahazi yao wakakuta maji yamekupwa na vyombo vimekaa mchangani, na hapo ndipo walipouawa wengi. Kwa miaka mingi upepo ulikuwa ukifukua mifupa yao kwenye milima ya mchanga ya Shela.

Tena, vita vile havikupiganwa kwa panga na bunduki peke yake. Washairi walikuwa mstari wa mbele. Mombasa ilikuwa na Muyaka bin Haji, na sisi tulikuwa na Bwana Zahidi Mngumi, kiongozi wa mji na mshairi. Beti zilisafiri na majahazi, huku zikitisha na kule zikijibiwa. Ukiongoza mgeni anayependa fasihi, mweleze hilo. Atashangaa kwamba mji mdogo kama huu ulikuwa ukijadili siasa zake kwa mashairi yenye vina na mizani kamili, na kwamba mtu wa kawaida sokoni aliyahifadhi.

Lakini hapa pana jambo ambalo mara nyingi hurukwa, na mimi naliona ndilo la kusimama nalo kwa muda mrefu zaidi. Waamu walishinda, kisha wakaogopa. Walijua Pate na Mombasa watarudi kulipiza. Wakatuma ujumbe Oman kwa Seyyid Said bin Sultan kuomba ulinzi. Akaleta liwali, yaani mtu wa kutawala kwa niaba yake, na askari, na ngome ikamalizwa kwa msaada wake. Kwa hiyo hii si ngome tuliyolazimishwa na adui aliyetuvamia. Tuliiomba. Mji ulionunua usalama wake kwa ushindi wa siku moja uliulipia kwa kukubali liwali wa mtu mwingine akae katikati yake. Na Seyyid hakuishia hapa. Mwaka 1837 Mombasa nayo ikamwangukia, Wamazrui wakashikwa, wakuu wao wakapelekwa Bandar Abbas, bandari ya Uajemi. Mgeni akiuliza utawala wa Zanzibar uliingiaje pwani yote ya Kenya, jibu lake linaanzia hapa tuliposimama, katika barua ya watu walioshinda vita.

Hayo yasemeni waziwazi. Msiyapake rangi. Mwongozaji anayesimulia ushindi wa Shela na kuficha kilichofuata anamnyima mgeni nusu ya habari, tena nusu iliyo bora.

Baada ya hapo ngome ikawa makao ya askari, na Waingereza wakaigeuza kuwa jela tangu 1910. Ikabaki jela hata baada ya uhuru, mpaka 1984. Walio na umri kama wangu wanakumbuka kwamba mlango huu haukuwa wa kuingia ukacheka. Watoto walikuwa wakiupita mbio. Mama alikuwa akimpitisha mwanawe upande wa pili wa uwanja. Sasa Makumbusho ya Taifa ya Kenya yanaisimamia, ilitengenezwa kwa msaada wa Uswidi, na ndani kuna maktaba, kuna maonyesho, kuna ukumbi wa mikutano na sherehe za mji. Mtoto wa mtaa wa Langoni anaingia akafanye kazi yake ya shule mahali ambapo huenda babu yake alifungwa. Miaka sabini na minne ya jela si kitu cha kupitia kwa sentensi moja mkiwa njiani kuelekea paani. Simameni uani. Mwonyesheni vyumba. Mwacheni apime mwenyewe upana wa chumba na urefu wa dirisha kutoka sakafuni.

Niseme sasa juu ya ukuta wenyewe, kwa sababu hapa ndipo vijana wetu wanapopungukiwa, na ndipo mgeni anapopenda kusikia zaidi.

Tafuteni mahali ambapo lipu imebanduka. Katika jengo la kale hapakosi. Mwambieni mgeni ainame asogeze macho karibu na jiwe. Ataona vijitundu vidogo vidogo vya duara, safu juu ya safu, kila kimoja na miale yake kama nyota. Hapo alikaa mdudu wa baharini. Jiwe zima ni matumbawe. Yapo ya aina mbili, na fundi mwashi alizijua vizuri. Kuna yale yanayochimbwa nchi kavu, mwamba wa kale uliokuwa bahari zamani, mgumu na mzito, nao ndio mwili wa ukuta. Na kuna yale yaliyokatwa baharini yakiwa mabichi, laini, yanayochongeka kwa shoka na tezo kabla hayajakauka. Hayo ndiyo yaliyotumika kwa miimo ya milango, mihirabu ya misikiti na zidaka, vile vishubaka vya ukutani, za nyumba za wenyewe. Yakikauka huwa magumu, na nakshi hubaki kwa mamia ya miaka.

Kilichoyashika pamoja ni chokaa, na chokaa nayo ni matumbawe yaliyochomwa. Magogo hupangwa duara, tabaka juu ya tabaka, mpaka linakuwa jukwaa kubwa la kuni lenye tundu katikati. Juu yake humwagwa mawe ya matumbawe yaliyovunjwavunjwa. Moto hutiwa kati, ukashika chini na kupanda. Tanuu ikishapoa hubaki mawe meupe mepesi. Hunyweshwa maji yakalipuka na kuwa unga, kisha huachwa miezi yakomae. Fundi mwenye haraka hakuwa fundi wa chokaa. Mahodari wa kazi hii bado wapo hapa Lamu na Shela, na mgeni akitaka kuona, muulizeni fundi kwa adabu kwanza, mmlipe muda wake.

Halafu inueni macho darini. Zile boriti ni mikoko ya mikokoni kwetu hapahapa. Mkoko haurefuki ukanyooka kupita kiasi fulani, na boriti ya kubeba dari ya mawe haizidi sana mita mbili na nusu au tatu. Ndiyo maana vyumba vya kale vya pwani ni virefu lakini vyembamba, nyumbani, msikitini na hata ngomeni. Jumba la tajiri na seli ya mfungwa zilipimwa kwa mti mmoja. Mikoko hiyohiyo ilipakiwa majahazini ikapelekwa Arabuni na Ghuba, ambako miti ya kujengea ilikuwa haba, na biashara hiyo ilichangia sana utajiri uliojenga mji huu.

Nina ombi kwa wazazi na mafundi waliopo. Tukitengeneza kuta za kale tusizipake saruji. Ukuta wa matumbawe na chokaa huvuta unyevu na kuutoa. Saruji ni ngumu kuliko jiwe lenyewe na haipitishi maji. Ukuta uliopakwa saruji ni kama mtu aliyevishwa mfuko wa plastiki juani: unyevu hubaki ndani, chumvi hukusanyika nyuma ya lipu, jiwe hulika polepole, na siku lipu inapoanguka huanguka na uso wa ukuta. Nimeona msikiti wa zamani ukiharibiwa namna hiyo na watu wenye nia njema kabisa, waliochanga pesa zao.

Sasa twende Siyu. Wanangu, kama kuna ngome moja ambayo ningependa kila mmoja wenu aione kabla ya mwaka kwisha, ni hiyo. Najua wengi wenu hamjafika. Wageni wachache hufika, kwa kuwa ni mbali na kwa kuwa hakuna anayewaambia waende.

Siyu iko kisiwani Pate, ndani ya hori lenye mikoko pande zote. Ukija kwa chombo huioni mpaka umeshakaribia. Mikoko inafunguka na ngome inajitokeza mbele yako, ukuta wake juu ya maji, na mji nyuma yake. Wazee wa Siyu wanasema ngome ile ni yao, waliijenga wenyewe. Wapo wataalamu wanaosema ni kazi ya Waomani, au kwamba kila upande ulikuwa na mkono wake. Mkifika waelezeni wageni kauli zote mbili. Mimi naegemea upande wa wazee, na sababu yangu ni historia ya mji wenyewe. Siyu haikuwa mji wa kumsubiri mtu aje kuujengea ukuta.

Ulikuwa mji wa mafundi na wanachuoni. Ngozi ya Siyu, viatu vya Siyu, nguo zilizofumwa Siyu, samani, vitabu. Waandishi wake waliandika misahafu kwa mkono na kuitia nakshi, na baadhi ya misahafu hiyo leo imehifadhiwa katika makumbusho ya ng'ambo. Na ulikuwa mji mkaidi. Baada ya Lamu kukubali na Mombasa kuanguka, Siyu ilikataa. Sheikh wake, Bwana Mataka, alipambana na Seyyid Said, mtawala ambaye wakati huo mkono wake ulifika Oman, Zanzibar na pwani yote. Katika miaka ya 1840 jeshi la Seyyid lilitua kisiwani kuja kuivunja Siyu, likarudishwa, na amiri wake mkuu, Hamad bin Ahmed, akauawa. Mji wa kisiwa kidogo, uliojificha nyuma ya mikoko, uliua jemadari wa dola.

Mke wa Bwana Mataka alikuwa Mwana Kupona binti Mshamu, mzaliwa wa Pate. Mnamjua nyote. Hakuna binti aliyesoma Kiswahili katika nchi hii ambaye hajakutana na beti alizomtungia mwanawe, Mwana Hashima, mnamo mwaka 1858, akiwa mgonjwa. Lakini ni wangapi wanaounganisha jina lile na ngome ile? Tunamfundisha darasani kama mama aliyeusia binti yake adabu za nyumbani, na tunasahau kwamba alikuwa mke wa mtu aliyekuwa vitani na dola kubwa kwa miaka. Alikuwa mwanamke wa nyumba ya utawala katika mji uliokuwa ukizingirwa. Mpelekeni mgeni Siyu na mumwambie hilo mbele ya ukuta, kisha muone atakavyowauliza maswali.

Siyu ilishindwa mwaka 1863, wakati wa Seyyid Majid, mwana wa Seyyid Said. Bwana Mataka alikuwa ameshafariki. Mwanawe, Sheikh Muhammad, alikamatwa akapelekwa Mombasa, akafungwa katika Ngome ya Yesu, akafia humo.

Hapo mnaona jinsi ngome hizi zinavyoshikana. Mgeni akiziona moja moja anaona majengo. Mwongozaji anayejua habari ya Sheikh Muhammad anaweza kumtoa mtu Siyu akamfikisha Mombasa kwa uzi mmoja.

Basi twende Mombasa. Ngome ya Yesu, au Fort Jesus kama wengi tunavyoiita, ilijengwa na Wareno kuanzia 1593 hadi 1596 kwa mchoro wa Giovanni Battista Cairati, Mwitalia wa Milan. Imesimama kinywani mwa bandari, na tangu 2011 imo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO, kama mji wetu ulivyoingizwa 2001. Hayo mtayakuta kwenye kila karatasi ya mlangoni. Nisiyoyakuta ni haya.

Mwezi wa Machi 1696 meli za Oman zilikuja kuizingira. Pate ilikuwa upande wa Oman. Faza, jirani yake kisiwa hichohicho, haikuelewana na Pate, nayo ikasimama na waliokuwa ndani. Kwa hiyo alipoingia Sheikh Daud wa Faza na jamaa zake ngomeni Mombasa, ugomvi wa kisiwa cha Pate uliingia nao. Mzingiro ukavuta. Meli zilizokuja na msaada zikaleta na maradhi. Katika mwaka 1697 walio ndani walikufa mmoja baada ya mmoja, na mwisho wa Agosti akafa kapteni wa Kireno. Ngome kubwa kuliko zote katika pwani hii, yenye bendera ya mfalme wa Ureno juu yake, ikabaki mikononi mwa Sheikh Daud, jamaa zake kumi na saba, wanaume wanane wa Kiafrika na wanawake hamsini wa Kiafrika. Hao ndio walioilinda mpaka meli nyingine zilipowasili Septemba.

Wanawake hamsini. Majina yao hatunayo. Sitawaambia walibeba silaha gani wala walilala wapi, kwa sababu sitaki mumpe mgeni hadithi za kubuni. Lakini walikuwemo, walihesabiwa, na bila wao ngome ile isingefika Septemba. Mkisimama katika ua wa Fort Jesus na kundi la wageni, kabla ya kuwaonyesha mizinga, watajieni hao hamsini na mtajeni Sheikh Daud. Ngome ilianguka hatimaye Desemba 1698, miezi thelathini na mitatu tangu mzingiro uanze. Meli moja ya Kireno iliyokuja kuiokoa, Santo António de Tanná, ilizama mbele yake, na vitu vilivyotolewa chini ya bahari katika miaka ya 1970 viko ndani ya makumbusho ya ngome hiyohiyo.

Kuna na habari ya Malindi humo ndani. Wareno walipofika mara ya kwanza mwaka 1498 na Vasco da Gama, Mombasa iliwakataa, Malindi ikawapokea na kuwapa rubani wa kuwavusha hadi Bara Hindi. Nguzo yao bado imesimama juu ya mwamba wa Malindi, na kanisa lao dogo liko karibu. Zote mbili zapendeza, hazichukui saa nzima, na upepo pale ni mzuri. Lakini malipo ya urafiki ule yaonekana Mombasa. Wareno walipoishika Mombasa walimweka sheikh wa Malindi kuwa mtawala wake. Mjukuu wa urafiki huo alikuwa Yusuf bin Hasan, aliyepelekwa Goa angali mtoto, akabatizwa, akaitwa Dom Jerónimo, akarudishwa atawale. Wakamdharau. Mwezi wa Agosti 1631 aliingia Fort Jesus na watu wake, akamuua kapteni, akaitwaa ngome, akaurudia Uislamu. Mwaka uliofuata aliiacha, akaondoka baharini akiwapiga Wareno kwa meli. Msimulieni mgeni wa Malindi kisa hicho palepale penye nguzo, ndipo nguzo itakuwa na maana kwake.

Mtaulizwa pia juu ya magofu yasiyo ngome. Gede, iliyoingia urithi wa dunia mwaka 2024, iko msituni na haihitaji mtu wa kuisifu. Takwa ni yetu, ng'ambo ya pili kisiwani Manda, na ni safari ya nusu siku. Ina ukuta wa mji, msikiti wenye nguzo juu ya mihirabu, na kaburi la nguzo lenye mwaka wa hijria 1094. Watu wa Shela wanahesabu asili yao huko na bado huenda kuomba mvua. Wageni wakikuta watu katika dua, wangojeni mbali, mvue viatu, msipige picha. Ni mahali pa ibada mpaka leo.

Na Pate mjini, magofu yamechanganyika na mashamba ya tumbaku. Mkulima anapalilia kati ya kuta za Wanabahani. Wapo wanaokasirika wakiona hivyo. Mimi sikasiriki na mkulima, maana shamba ni la babu yake na tumbaku inamlisha. Kinachonikera ni jiwe kuondolewa. Jiwe likitolewa ukutani likapelekwa kujenga choo, hakuna mtaalamu wa dunia hii atakayelirudisha na habari yake. Tukae na wakulima wa Pate tuzungumze. Wageni wanaokuja kuona magofu wapite kwao, wanywe kahawa kwao, walipe kwao. Mtu hulinda kinachompa riziki.

Nimalizie na mambo ya kazi.

Walimu wenzangu, bei ya mwananchi mlangoni ni ndogo kuliko ya mgeni, na ya mwanafunzi ni ndogo zaidi. Hata hivyo wapo watoto wanaoishi mitaa miwili kutoka hapa ambao hawajaingia ngome hii. Walete darasa zima, tena uwape kazi ya kufanya: mmoja apime chumba, mwingine achore jiwe, mwingine amuulize nyanya yake jela ilivyokuwa. Na yale majibu ya nyanya yaandikwe kwenye daftari na tarehe. Waliofanya kazi humu na waliofungwa humu wanazeeka.

Manahodha, nanyi ndio mlango wa Siyu. Hori lile halipitiki maji yakipwa, na Mkanda, ule mlango wa maji baina ya Manda na bara, nao una mafungu yake. Mnajua ninyi kuliko mimi. Ninachowaomba ni kwamba msikubali mgeni awaamrishie saa ya kuondoka. Mwambieni bei kamili kabla ya kupanda, mwelezeni kwamba kama maji ni mafu huenda mkashukia bandari ya Mtangawanda, kisiwani Pate, na kwenda Siyu kwa bodaboda, na asiposikia mwacheni. Chombo kilichokaa matopeni saa sita huku abiria wameishiwa maji ya kunywa hakimtangazii mtu Siyu. Kusi likichafuka, ahirisheni. Na kila abiria avae boya, mwana wa nahodha pia.

Nanyi mliohitimu. Mkifika Siyu pitieni kwanza kwa wazee wa mji, msiende ngomeni moja kwa moja kama mnaokwenda kwenye kitu kisicho na mwenyewe. Nunueni kitu kwa mafundi wa ngozi waliobaki. Mgeni akiuliza jambo msilolijua, mwambieni mtauliza, kisha mkaulize kweli. Maktaba iko hapo ndani nyuma yangu, na wazee wako barazani kila alasiri.

La mwisho ni juu ya mabinti. Nimetazama safu ya waliohitimu na nimewaona wachache mno. Miongoni mwa wageni wanaokuja Lamu wamo wanawake, na kuna nyumba na habari za mji huu ambazo mwongozaji mwanamume hawezi kuwafikisha. Ile habari ya Mwana Kupona, ile ya wale hamsini, ningependa kuisikia ikisimuliwa na binti wa Faza au wa Siyu mwenyewe. Wazazi mliopo hapa, mafunzo yajayo msiwazuie. Wenye hofu ya jioni na safari za mbali, njooni tuzungumze, twaweza kupanga watoke wawili wawili na warudi kabla ya magharibi.

Safari ya Siyu tumeipanga bamvua ijayo, maji yakiwa makubwa ya kutosha kuingiza mashua mbili horini na kuzitoa siku hiyohiyo. Majina yanaandikwa kwenye meza ile penye mizinga baada ya swala ya adhuhuri. Nafasi za mashua ya kwanza tumewawekea kina mama na mabinti. Chukueni maji, kofia, na kitu cha kula, maana Siyu hakuna mkahawa.

Wassalaamu alaykum.